Gari Lisilo na Kiti cha Nyuma

6 Februari

Mpwa wangu Wakili,

Pokea salamu zangu, na za nyumba hii ambayo haina mtu mwingine wa kukusalimia. Mimi mzima. Goti la kulia linalalamika kukiwa na baridi, lakini hilo ni goti la breki, limefanya kazi, nalisamehe. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara bado yupo na bado anaimba kwa sauti mbaya akiwa kwenye mashine. Mwambie dada yangu, yaani mama yako, kwamba blanketi alilonitumia limefika na linawasha.

Nimesikia umepata kazi kwa wale walioniuzia gari, tena kitengo cha dhamana. Nilicheka peke yangu. Tangu utotoni ulikuwa hukubali kwenda kulala mpaka upewe sababu, na sababu yenyewe uikatae. Ndiyo maana nilikuita Wakili. Sasa wamekupa meza na mshahara ukatae vizuri.

Jambo lenyewe ni hili. Gari langu unalijua kwa kusikia. Nimeendesha mabosi maisha yangu yote. Kikohozi cha mtu nyuma ya kisogo changu nimekisikia zaidi ya nilivyoisikia sauti ya mke wangu, Mungu amrehemu. Nilipostaafu nikasema, nitanunua gari lisilo na kiti cha nyuma. La spoti, viti viwili, basi. Bosi akitaka kupanda, akae kwenye boneti.

Gari hilo limeanza kunichubukia. Kiti cha dereva, ule ubavu wa upande wa mlango, ngozi imepasuka na inatoka vipande, nikiinuka naondoka navyo kwenye suruali. Usukani unanata pale juu. Pa kuegemeza kiwiko mlangoni pamebaki kitambaa kitupu. Lakini kiti cha pili hakina hata mkwaruzo! Kiwanda kimoja, siku moja, pengine hata ng'ombe mmoja. Kwa nini kimoja kife na mwenzake abaki kama bibi harusi? Hiyo ni kasoro ya kiwanda, na dhamana yangu haijaisha, inaisha mwaka huu.

Fundi cherehani amenipigia picha, ziko humu ndani. Nimekuelekezea wewe ili zisipotelee kwenye madroo ya watu nisiowajua.

Usinipigie simu juu ya hili. Kwenye simu watu huahidi. Andika, na uandike kwa mkono, kwa kalamu nene na herufi kubwa, kama ulivyokuwa ukiniandikia kutoka bwenini. Barua za mashine hazina mtu ndani.

Mjomba wako,
Rubani (wenzangu wa usukani bado wananiita hivyo)


27 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia. Mama hajambo, ila ameanza kubishana na redio. Jana alimwambia msoma habari anyamaze kwanza apumue. Kuhusu blanketi amesema, "Linawasha kwa sababu halijazoea shukrani." Tunaishi naye vyumba viwili juu ya duka la rangi. Harufu imo hata kwenye mto wangu, lakini kuna dirisha na kuna mwanga.

Umeomba kalamu nene, ndiyo hii.

Meza yangu iko kati ya mashine ya kutoa nakala na ukuta. Kwenye droo nina vipande vya ngozi vya kila rangi tuliyowahi kuuza. Kazi yangu, samahani Mjomba, ni kusoma mahali makalio ya watu yalipopita. Watu wanatuma picha za viti vyao kama wanaotuma picha za wagonjwa, na mimi nasema kama ugonjwa ni wa kuzaliwa nao au wa kuutafuta.

Dhamana inalinda kasoro ya kiwanda: mshono uliofumuka wenyewe, ngozi iliyovimba ikiwa haijaguswa. Uchakavu wa juu juu unaotokana na matumizi haumo. Kiti chako kimeliwa pale hasa mtu anapoteleza akiingia na kutoka. Usukani umeliwa mahali pa viganja. Kiwiko chako kimekula mahali pake. Hakuna kiwanda kinachokosea kwa umbo la mtu.

Na kiti cha pili hakikuharibika kwa sababu hakuna aliyekikalia. Bado kina nailoni ya kiwandani. Picha ile nimeikuza mara nyingi kuliko kazi ilivyotaka. Mtu ananunua gari la viti viwili, na kimoja hajawahi kukivua nailoni.

Mkuu wa kitengo ameamua atumwe mkaguzi wa tawi lenu aje alione, kwa sababu nilimwambia wewe ni nani kwangu. Mimi bado niko kwenye kipindi cha majaribio. Amesema, "Vizuri. Tutaona kama unajua kuandika 'hapana' kwa ndugu."

Gari nimeliona kwenye picha. Nilikuwa nimetegemea kuliona mapema zaidi, na si kwenye picha. Tuyaache hayo.

Wako,
Mpwa wako


15 Machi

Wakili,

Marahaba. Mwambie mama yako nimecheka.

Sikukuandikia ili unisomee makalio yangu. Bosi wangu wa mwisho alibadilishiwa viti vyote kwa sababu mkewe hakuipenda rangi, wala hakuna aliyemuuliza anaingiaje na kutokaje. Mimi nilisimama pembeni nimeshika kofia nikiangalia viti vizima vikitupwa. Sasa mwenye gari ni mimi, na wa kuniambia "hapana" ni mtoto niliyemvusha barabara.

Gari nalitunza. Kila asubuhi nalipiga moto, injini ipate joto. Nalifuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kama nilivyofundishwa. Basi mafuta nayo ni kosa? Alete mdomo wake huyo mkaguzi.

Kiti cha pili nakiachia nailoni kwa sababu zangu.

Mjomba


10 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Huku mvua zimeanza na ngazi zetu zinavuja, Mama ameweka ndoo kila hatua ya pili. Kupanda nyumbani ni kama kucheza ngoma. Amekusalimu. Ameniuliza unaendeleaje, nikasema una hasira, akasema, "Basi kuna kitu kinamuuma. Kaka yangu tangu utoto hasemi kitu kikimuuma. Atakwambia habari za gari."

Nakuandikia jambo baya na nakuomba ulisome mpaka mwisho.

Mkaguzi alikuja kwako, najua, na najua ulimwambia anashika milango kama mchuna mbuzi. Hilo ameliandika. Lakini alisoma pia mita ya kilomita. Gari limetembea kutoka dukani mpaka kwako, na kijisehemu juu yake. Zaidi ya hapo hakuna kitu. Kisha akaunganisha kompyuta yake. Gari lile, Mjomba, lina kumbukumbu ya muda ambao injini imewaka. Injini imewaka kama ya mtu aliyezunguka nchi nzima.

Kwa hiyo tuna kiti kilichochakaa kama cha teksi, injini iliyochoka, na mita inayosema gari halijaenda popote. Mkuu wa kitengo aliweka karatasi mbele yangu. Akasema:

"Mjomba wako alikuwa dereva?"

"Maisha yake yote."

"Basi anajua mita inavyorudishwa nyuma."

Wanaamini umeichezea mita ili gari lionekane jipya kwenye dhamana. Sasa suala si kiti tena. Kampuni ikiamua hivyo, dhamana yote inafutwa, na jina lako linapelekwa matawi yote na kwa watu wa bima, kama la mdanganyifu. Jina lako, Mjomba. Wewe uliyekuwa ukirudisha mpaka kalamu iliyosahauliwa kwenye kiti cha nyuma.

Mimi siamini. Lakini kutoamini kwangu hakuna mahali pa kukaa kwenye fomu. Niambie tu limekwendaje. Sentensi moja inatosha.

Mpwa wako


2 Mei

Wakili,

Nimechelewa kwa sababu nimechelewa.

Niliwahi kuendesha bosi mmoja aliyekuwa akinitaka nipite njia ndefu kurudi kwake. Kila jioni. Sikumuuliza kwa nini. Siku moja mkewe akaniuliza, "Dereva, mbona mnachelewa?" Nikamwambia barabara ilikuwa imejaa. Yule mama alijua nadanganya, mimi nilijua anajua, na siku iliyofuata akanipa chai kama kawaida. Watu wale walinifukuza baadaye kwa sababu nyingine, lakini hawakuwahi kuniuliza mara mbili.

Mita sijaigusa. Nimeshasema. Mtu mzima akishasema, imeisha.

Mnataka kuandika mwizi, andikeni mwizi.

Mjomba


9 Mei

Mjomba,

Leo sina salamu ndefu. Shikamoo. Mama hajui kama nakuandikia.

Nimekaa na barua yako mezani kwa siku kadhaa. Nimezoea kuangalia vitu vilivyochakaa, kwa hiyo nimeangalia mwandiko wako. Zamani mistari yako ilikuwa imenyooka kama barabara mpya. Siku hizi inapanda kilima. Herufi zimekuwa kubwa. Neno "mwizi" la pili umeliandika juu ya la kwanza, sikuweza kuyatenganisha. Niliuweka mkono wangu juu ya karatasi na nikaogopa kitu ambacho sikukipa jina.

Lakini kabla ya woga nina hasira, na hasira ilitangulia kufika, kwa hiyo ipewe kiti.

Siku ya mahafali yangu, mwaka jana, uliniambia nikusubiri langoni. Ulisema, "Usipande gari la mtu. Vaa joho lako, simama, honi utaisikia kabla hujaliona." Nilisimama. Mama alitaka twende na basi la chuo nikamkatalia, nikamwambia mjomba anakuja na lile gari lake. Niliwaambia wenzangu wote. Walipita na wazazi wao, mmoja mmoja, wananiuliza, "Bado?" na mimi nacheka. Mlinzi alipoanza kufunga lango aliniletea kiti chake. Mama alivua viatu. Baadaye ulituma ujumbe: gurudumu limepasuka. Hukuomba radhi, na mwaka mzima hukulitaja tena.

Sikukuuliza. Ulinifundisha mwenyewe: watu wazuri hawaulizi mara mbili. Basi mimi si mtu mzuri. Nauliza mara ya pili. Lile gari lilikwenda wapi, kama halikuja kwangu? Nilidhani lina safari za watu wengine. Sasa mita inaniambia halikuwa na safari ya mtu yeyote, na nimeshindwa kujua kipi kinachoniumiza zaidi.

Unapenda kunyamaza uonekane mkubwa. Ukubwa huo tunaulipa sisi tunaosimama langoni.

Mpwa wako


11 Juni

Wakili wangu,

Nimeandika barua hii kidogo kidogo, kwa kioo cha kukuzia, asubuhi tu wakati jua liko mezani. Usiihesabie makosa.

Siku ya mahafali yako niliamka mapema, nikavaa suti ya kuzikia mke wangu, maana ndiyo nzuri niliyo nayo. Nililifuta gari mara mbili. Nailoni ya kiti cha pili nilikuwa nimeiacha makusudi tangu dukani. Nilisema, hii itavuliwa na mhitimu, kwa mikono yake.

Nikatoka. Pale njia panda ya kwanza, penye taa, sikuziona taa. Sisemi sikuiona rangi. Nguzo yenyewe sikuiona. Nilikuwa naona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Nikasikia kofi kwenye boneti. Ni mwanamke, alikuwa anavuka, nimemsimamia mguuni kabisa. Hakuumia. Alinitukana tusi refu, zuri, lenye baba na mama, nikamwambia asante. Nikageuza gari. Kurudi nililitembeza polepole, kwa kunusa. Hicho ndicho kile kijisehemu chenu cha juu.

Daktari alisema ni presha ya macho. Alisema imekuwa ikila kutoka pembeni kwa miaka, na kwamba siku zote hizo nilikuwa naendesha kwa mazoea. Hebu fikiri. Mabosi wangu wa mwisho walikuwa wanalala kiti cha nyuma, wanaendeshwa na mazoea.

Sasa limebaki tundu. Herufi zako nene zinapita kwenye tundu. Mwezi hadi mwezi linabana.

Kuhusu kiti. Humu ndani nagonga mlango, nagonga ndoo, nagonga kona ya meza niliyoinunua mwenyewe. Kwenye gari sigongi kitu. Mkono ukienda kwenye gia, gia ipo. Nalipiga moto, nashika usukani, naondoka. Barabara zote ninazo. Najua mlima unaoanzia baada ya daraja, najua mahali pa kupunguza. Nakwenda mpaka kwenu, nakata kona ya duka la rangi ambalo sijawahi kuliona, napiga breki. Halafu mtu anapita barabarani, natoka haraka nijifanye nafuta kioo, asije akaniona nimekaa kama zuzu. Akipita, naingia tena. Wanapita wengi. Ndivyo ngozi ilivyoisha.

Nilidai kitengenezwe kwa sababu ndicho mahali ninapoishi.

Hakuna anayejua. Fundi cherehani anadhani nimezeeka tu. Wenzangu wananiita Rubani. Nataka nife naitwa Rubani.

Haya ni ya kwako. Si ya meza yako.

Mjomba


1 Julai

Mjomba,

Shikamoo, na safari hii naisema nikiwa nimesimama.

Nimeisoma barua yako kwenye ngazi, kati ya ndoo. Nilipofika juu Mama aliniangalia akauliza nani amekufa. Nikasema hakuna. Sikumwambia kitu. Nataka ujue hilo kwanza.

La pili ndilo hili. Mkuu wa kitengo alinipa muda wa mwisho: aidha maelezo ya maandishi, au jina lako linakwenda matawini. Nilijaribu bila kulitaja jicho. Nilimwambia gari halikutembea, lilikaliwa tu. Akacheka.

"Mtu mwenye akili zake anakaa kwenye gari lililosimama mwaka mzima?"

"Anakaa."

"Kwa nini?"

Hapo palikuwa na milango miwili tu. Ama wewe ni mwizi unayeona, ama ni mtu mwaminifu asiyeona. Niliandika la pili. Niliandika vizuri, Mjomba. Kila alama ya kiti niliieleza mahali pake, kuingia na kutoka, viganja, kiwiko, masaa ya injini. Mkaguzi alisoma akavua miwani yake. Hakuna tena anayesema umegusa mita. Jina lako ni safi.

Kisha nikaomba na kiti. Nikasema gari lisiloendeshwa halijatumika, kwa hiyo huo si uchakavu wa matumizi. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na vifungu. Mkuu aliniacha nimalize, akaniuliza:

"Kiti ni cha nini?"

"Cha kukalia."

"Kimekaliwa?"

"Kimekaliwa."

"Basi kimetumika."

Dai limekataliwa. Ofisi itakutumia barua rasmi. Ni ya mashine, herufi ndogo, usihangaike nayo. Yote yaliyomo nimeshakuambia hapa, kwa kalamu nene.

Ulisema si ya meza yangu. Nilikuwa na meza hiyo peke yake ya kukukingia.

Mpwa wako


22 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Hujajibu.

Fundi cherehani amempigia simu Mama. Anasema barua ya ofisi ililetwa na mtu wa pikipiki siku nyingi kabla ya yangu. Anasema ulivuka barabara nayo mkononi, ukampa, ukamwambia, "Nisomee, miwani nimeisahau." Na yeye, wateja wakiwa wamekaa wanasubiri nguo zao, akasimamisha mashine na kusoma kwa sauti, kwa furaha, akidhani umeshinda kitu. Akasoma mpaka pale: "kwa kuwa imethibitika mteja hana uwezo wa kuona." Anasema alinyamaza hapo, lakini lilikuwa limeshatoka. Anasema uliichukua karatasi, ukaikunja vizuri, ukasema, "Wamekosea mtu," ukavuka barabara kurudi. Hakuna aliyekushika mkono kwa sababu kila mtu aliogopa kuwa wa kwanza.

Sentensi ile ni yangu. Waliinakili kama ilivyo.

Mama amejua sasa. Hanisemeshi. Amezima na redio.

Nijibu hata kwa kunitukana. Yule wa njia panda ulimwambia asante.

Mpwa wako


14 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Mama ameanza kula vizuri. Ngazi zimezibwa. Mama alitaka kuja kwako, ukamwambia kwenye simu kwamba wageni huja wakialikwa. Amelia, halafu amekushonea foronya.

Nimethibitishwa kazini. Mkuu alisema ile ripoti ndiyo iliyonipitisha. Alisema mbele ya wote, "Huyu binti ana jicho." Walinipigia makofi kati ya mashine ya nakala na ukuta. Nilishukuru. Mama aliniambia nisikuandikie hili, lakini wewe ulinifundisha kwamba dereva akigonga, anashuka.

Bado kalamu ni ile ile, nimeongeza unene.

Mpwa wako


19 Novemba

Wakili,

Anayeandika ni fundi cherehani. Ninasema, yeye anaandika. Nimemwambia asirembe.

(Sirembi. Hujambo binti? Mimi ndiye niliyesoma kwa sauti. Silali vizuri.)

Mwache aandike anachoambiwa. Herufi zako hazipiti tena kwenye tundu, hata ungetumia brashi ya kupakia ukuta. Barua zako za Julai na Septemba nimesomewa wiki hii, zote pamoja, mlango ukiwa umefungwa.

Wenzangu wa usukani walikuja. Walileta fimbo nyeupe, wameichangia. Wananisemesha kwa kupiga kelele kama vile nimekuwa kiziwi. Mmoja alisema, "Rubani, sasa umetua," wakacheka, na mimi nikacheka, maana ningefanya nini. Tangu siku hiyo wananiita Mzee.

Gari limeuzwa. Aliyelinunua ni daktari wa meno, sauti yake ya kijana. Alikaa, akazungushazungusha matako, akasema, "Mzee, kiti hiki kimesafiri sana." Nikamwambia kimesafiri kuliko wewe. Akasema ataweka kipya. Nikamwambia basi cha zamani kibaki. Akakubali kunirudishia akishabadilisha, anadhani uzee umenipanda kichwani.

Kabla hajaondoka alivua nailoni ya kiti cha pili, pale pale nje ya mlango, kwa kisu. Niliisikia inavyochanika. Sauti ile nilikuwa nimekuwekea wewe.

(Hapo aligeuzia uso mlangoni. Naandika kwa kuwa sikuambiwa nisiandike.)

Ulinitoa kwenye wizi ukanitia kwenye huruma. Ungeniuliza, ningechagua wizi. Mwizi anaogopwa, hakuna anayemshika kiwiko kumvusha kwenda dukani. Lakini hukuniuliza, na najua kwa nini: ungeniuliza ningenyamaza, na kunyamaza kwangu ungekusubiri nako langoni. Hapo ulikuwa na haki. Sikusamehe kwa hilo. Nasema tu ulikuwa na haki.

Seremala amekipigilia kiti juu ya mbao, kiko barazani, kinatazama barabara. Nakaa pale kutwa. Watu wakipita sitoki tena. Kimeacha kuchubuka.

Mwambie dada yangu foronya nayo inawasha. Na aje.

Wewe ukitaka kuja, njoo. Usije na kalamu. Hapa hakuna dhamana na kiti hiki hakikaguliwi. Fundi cherehani ana stuli ya kukuazima.

(Ninayo.)

Iweke popote utakapo, ila si nyuma yangu.

Mjomba